Kiyoyozi cha nyumbani na kifua: anzia kwenye chujio

Ukiamka koo limekauka, pua imeziba na kichwa ni kizito, kisha ukishinda nje hali inatulia, na ukilala tena inarudi palepale, usikimbilie kusema ni mafua. Mafua hayafuati ratiba namna hiyo. Kitazame kiyoyozi kilichokupulizia usiku kucha.

Nina mtoto mwenye pumu, kwa hiyo mashine hii naifuatilia kuliko chombo kingine chochote cha nyumbani. Sisemi tukizime. Joto kali linaumiza, hasa wazee na watoto wachanga, na kiyoyozi kinawaokoa. Lakini kwa niliyoyaona, kinachosumbua vifua mara nyingi ni uchafu na unyevu uliojificha ndani ya mashine kuliko baridi yenyewe.

Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakileti hewa mpya kutoka nje. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipitisha kwenye mabomba ya baridi na kuirudisha. Hewa inapogusa mabomba hayo, unyevu wake hugeuka matone, kama yale yanayotokea nje ya glasi ya maji ya barafu. Kukausha hewa ndiyo iliyokuwa kazi ya kwanza ya mitambo hii: Willis Carrier alipobuni wake huko Marekani mwaka 1902, shida ilikuwa unyevu uliokuwa ukiharibu karatasi katika kiwanda cha uchapaji. Sasa matone hayo yakikutana na vumbi lililopenya kwenye chujio, mahali penye giza, ukungu unaota. Kila ukiwasha, unaupulizia chumbani.

Kwa hiyo zima umeme, fungua kifuniko cha mbele, chomoa chujio ulinyanyue kwenye mwanga. Mwanga ukipita kwa shida, limechelewa kuoshwa. Mimi huliosha kila baada ya wiki mbili msimu wa joto. Maji yamwagie upande wa ndani, ili vumbi litoke lilikoingilia. Ukimwaga upande wenye vumbi unalisukuma lizidi kunasa. Likauke kabisa kivulini kabla ya kulirudisha.

Kisha chukua tochi, umulike kwenye mdomo unaotoa hewa. Humo kuna feni ndefu ya mviringo. Ukiona madoadoa meusi kwenye mapanga yake, au ukisikia harufu ya nguo zilizokaa mbichi pale unapowasha, kuosha chujio peke yake hakutoshi. Ita fundi aoshe koili (yale mabomba ya baridi), feni na trei ya maji, na azibue bomba la kutolea maji. Siku hiyo mwenye pumu asikae chumbani humo. Arudi baada ya chumba kupigwa deki na madirisha kukaa wazi kwa muda.

Rimoti iache kwenye nyuzi 24 hadi 26, na mdomo wa hewa uelekee juu, usimpige mtu usoni. Hewa baridi na kavu inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu. Pia hukausha ute wa puani, ule unaonasa vumbi na vijidudu. Kipimo kidogo cha unyevu kitakusaidia: kati ya asilimia 40 na 60 panafaa. Wapo wanaoweka beseni la maji chumbani kila siku bila kupima; unyevu ukizidi hapo, utitiri wa vumbi na ukungu hustawi, na hao ni maadui wa pumu.

Kabla ya kuzima, acha feni peke yake izunguke kwa muda ili ndani pakauke. Fungua madirisha asubuhi, kabla jua halijawa kali. Na tafadhali, sigara au dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa. Kiyoyozi hakiutoi moshi huo, kinauzungusha tu.

Mwenye pumu aendelee na dawa zake kama daktari alivyoagiza, hata mashine ikiwa safi. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, au midomo ikigeuka rangi ya buluu, mpe dawa yake ya kuvuta ya dharura na umkimbize hospitali saa hiyohiyo.