Pigo Likae Juu ya Mlango

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Huku Wete wote tu wazima, alhamdulillahi. Umeniuliza mambo mawili: kwa nini dumbak, ile ngoma yako, inachelewa kupiga baada ya mlango kubamizwa katika ile filamu fupi, na kipande chenyewe kikisikilizwa peke yake hakina kasoro, na kwa nini muziki wa gemu la ngalawa unakwaruza kila unaporudi mwanzo. Sikio lako ni zima. Kilichokosewa ni hesabu ya muda.

Tuanze na mlango. Umesema muziki unaanza pale pale onesho linapoanza, mlango unabamizwa sekunde ya 37.4, na mwendo ni mapigo 96 kwa dakika. Pigo moja basi ni sekunde 0.625. Vipimo 15 vya mapigo manne ni mapigo 60, navyo vinakwisha sekunde ya 37.5. Ndipo dumbak inapolia. Umechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa video ya fremu 25 hizo ni fremu mbili na nusu. Mtazamaji hatajua kasoro iko wapi, lakini ataihisi. Usiisogeze dumbak peke yake, itaachana na udi. Gawa 3,600 (mapigo 60 mara sekunde 60) kwa 37.4, upate 96.26, uuweke mwendo huo tangu mwanzo. Hakuna atakayesikia tofauti, na pigo litakaa juu ya mlango.

Kama ungeona muziki unazidi kuachana na picha kadiri filamu inavyokwenda, ningekwambia uache mwendo, ukatizame mipangilio. Video ya fremu 25 ikichezeshwa kwa 24, dakika moja inakuwa sekunde 62.5. Na faili la sauti la sampuli 44,100 kwa sekunde likisomwa kama la 48,000 linakimbia, na sauti inapanda karibu robo tatu ya toni. Kazi ya picha irikodi kwa 48,000 tangu siku ya kwanza.

Jengine ni fidla za kompyuta. Zile zenye mwanzo laini huchelewa kuchanua, hata noti ikikaa sawasawa kwenye mstari. Zianzishe mapema kidogo kidogo, huku macho yako kwenye picha, mpaka zikae. Na pale mama na mwanawe wanapozungumza, nyamazisha kanuni, kile kinanda cha nyuzi nyingi. Kanuni na konsonanti za maneno hugombea pahala pamoja, na ukiipunguza sauti tu bado inayatia ukungu maneno. Waachie seli, ile fidla kubwa, noti ndefu za chini. Muziki unaotoa pahala kwa maneno ni kazi ngumu kuliko kupiga taksim (muziki wa kubuni papo hapo, peke yako), na mimi naiheshimu zaidi.

Sasa ngalawa. Vipimo vinane kwa mapigo 96 kamili ni sekunde 20 sawasawa, yaani sampuli 960,000 kwa 48,000. Ulikata hapo hapo, na mwangwi wa kanuni ukakatwa nao. Ndio mkwaruzo unaousikia. Fanya hivi: panga vipimo hivyo vinane mara mbili mfululizo, utoe sekunde 40, kisha ubakishe 20 za pili tu. Mwanzo wake tayari umebeba mkia wa mzunguko uliotangulia, kwa hiyo mwisho na mwanzo vinapokutana havina mshono. Gemu likifunguliwa, tanguliza zile 20 za kwanza mara moja, la sivyo mchezaji atasikia mkia wa noti ambayo haijapigwa. Na usitoe MP3: hutia ukimya mdogo mwanzoni na mwishoni, lupu, yaani kipande kinachojirudia, ikaruka hata hesabu ikiwa sahihi. Toa WAV, au OGG kama ukubwa wa faili ni tatizo.

Upepo ukichafuka ndani ya gemu usibadilishe wimbo. Toa mafaili matatu ya urefu ule ule: la udi; la fidla na seli; la dumbak na rika (dafu dogo). Yaanze yote pamoja, mawili ya mwisho yakiwa kimya. Kwenye FMOD, programu ya sauti za magemu, fungua fidla polepole kwa sekunde mbili, lakini dumbak isubiri mwanzo wa kipimo kinachofuata. Kipimo chako ni sekunde 2.5, kwa hiyo dhoruba haitaisubiri ngoma muda mrefu.

Umetaja kuwa Rast yako, ile ngazi ya noti ya Kiarabu, inasikika kama piano. Noti ya tatu lazima ishuke robo toni. Kama gurudumu la kupandisha na kushusha sauti kwenye kibodi limewekwa nusu toni mbili, thamani ni -2048. Lakini gurudumu hilo hushusha kila noti iliyo kwenye chaneli ile, kwa hiyo udi upe chaneli yake pekee.

Ukimaliza lupu, nitumie WAV yenyewe kama dokumenti. Ujumbe wa sauti wa simu hubanwa, na mkia wa kanuni ndio ninaotaka kuusikia.

Babako