Anti, kila saa tisa usiku nashtuka na maski yangu usoni

Barua imetoka kwa baba mmoja wa Kimara, ana miaka 51, ana duka Kariakoo. Aliandika ndefu, nimeikata: "Anti shikamoo. Mwaka jana nililazwa usiku mmoja nikafungwa mawaya, wakasema nikilala pumzi inasimama mara 38 kwa saa. Shemeji yangu aliyeko Marekani akanitumia mashine ya CPAP, ile inayopuliza upepo kwenye maski ili koo lisijifunge ukilala, iliyokuwa ya mzee mmoja huko. Mwanzo wa usiku nalala vizuri, ila ikifika saa tisa nashtuka, maski inavuma, mdomo mkavu, naivua naitupa pembeni na kuanzia hapo ni macho mpaka adhana. Nishameza mpaka vidonge vya usingizi. Mke wangu alianza kuniita rubani, sasaivi amehamia chumba cha watoto. Mchana nasinzia mpaka kwenye usukani. Nataka kuiuza hii kitu."

Marahaba mwanangu. Usiiuze kwanza.

Mi hapo kwenye mashine ya mzee ndo niliposimama. Hizi mashine zinasetiwa kwa mtu na mtu, presha inaweza kuwekwa popote kati ya 4 na 20, sasa kama yule mzee alikuwa anahitaji 15 na we ungetosheka na 9 utashangaaje ukiamka unaona kimbunga kimeingia puani? Na ikiwa kinyume chake, presha ni ndogo, basi unakabwa humo humo ndani ya maski, unashtuka na hujui nini kimekushtua. Kwa hiyo beba mashine pamoja na ile ripoti yako rudi kwa daktari aliyekupima, aiseti kwa ajili yako, na tafadhali usiingie Yutubu ukaanza kufungua menyu ya mafundi peke yako. Nyingi zina kadi ndogo ya kumbukumbu pembeni, humo ataona pumzi inasimama mara ngapi sasaivi na upepo unavuja kiasi gani. Ile 38 yako ukiwa umevaa inatakiwa iwe chini ya 5. Ikiwa bado juu na upepo hauvuji, kuna watu ambao wakianza mashine ubongo wenyewe unachelewa kutoa amri ya kupumua, na hiyo ina matibabu yake tofauti. Halafu igeuze usome imeandikwa nini chini, maana Juni 2021 Philips walitangaza kurudisha mashine zao nyingi, DreamStation za mwanzo zikiwemo, sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele inaweza kumomonyoka ukavuta vile vipande.

Na natumaini maski hukuvaa ya mzee pia! Mdomo mkavu na kuvuma maana yake upepo unatoroka. Kama maski yako ni ya pua tu, ukilala fofofo taya linaachia, mdomo unafunguka, upepo unaingia puani unatokea mdomoni, hapo inabidi ujaribu ile inayofunika pua na mdomo, au kwanza utibu pua kama imeziba ndo inakufanya uachame. Kama tayari ni hiyo kubwa basi ule mpira laini unaogusa uso umechoka. Nunua mpya, uoshe kila siku kwa maji na sabuni kidogo kwa sababu mafuta ya uso yanaufanya uteleze, na usikaze mikanda mpaka uso uwe na mistari, ukikaza sana ndo unavuja zaidi. Ikaze ukiwa umelala chali na mashine inapuliza, sio umesimama mbele ya kioo. Hujaniambia kama una AC. Ukiiweka 18 huku kile kitanki cha maji cha kulainisha upepo umekipandisha joto, mvuke unagandia ndani ya bomba la maski na alfajiri unamwagiwa matone puani, watu wengi wanaamka kwa hilo wanalaumu mashine. Punguza baridi au ulivishe bomba kitambaa.

Kwa nini saa tisa na sio saa sita? Kwa sababu usingizi wa ndoto unarefuka kadiri asubuhi inavyokaribia, na kwenye ndoto misuli inalegea, ya koo ikiwemo, ndo muda koo linajifunga zaidi hasa ukilala chali, na kama mashine yako ni ya kujirekebisha yenyewe itakuwa imepandisha presha ili ikufungue. Yani we unaivua maski muda ule ule unapoihitaji kuliko muda mwingine wowote wa usiku. Ukishtuka ukakuta inapuliza kwa nguvu, izime, iwashe tena, nyingi zinaanza upya na presha ya chini. Nusu dakika tu. Watu wanakaa na mashine miaka hawajui hili.

Sasa hayo ni ya kinachokuamsha. Kukaa macho mpaka adhana ni jambo lingine kabisa na hata daktari akiseti mashine vizuri linaweza kubaki, sababu mwili umeshazoea kwamba saa tisa ni saa ya kugombana na maski. Kushtuka tu hakuna shida, kila binadamu anashtuka mara kadhaa usiku, anageuka, asubuhi hakumbuki. We ukishtuka unafanya nini? Nakubashiria: unashika simu uone saa ngapi, unapiga hesabu zimebaki saa ngapi ufungue duka, hasira inapanda, usingizi kwaheri. Simu ilale sebuleni, nunua saa ya kengele uigeuzie ukutani. Ukiona kama dakika 20 zimepita (kwa kukisia, usihesabu) na macho makavu, toka kitandani, kaa sebuleni taa hafifu, shika tasbihi au chochote kisichokuchangamsha, usingizi ukija rudi na uvae maski kabla kichwa hakijagusa mto. Asubuhi amka saa ile ile hata kama usiku ulikuwa mbovu. Wiki ya kwanza utanitukana. Jioni pia uivae ukiwa macho kabisa, unaangalia taarifa ya habari, mwili uache kuiona adui.

Vidonge weka pembeni mpaka daktari ajue, baadhi ya dawa za usingizi zinalegeza koo na kukuzuia usishtuke pumzi inaposimama, na pombe ya usiku inafanya yale yale. Kama kinachokuinua ni mkojo, useme. Apnea yenyewe, yani huko kusimama pumzi usingizini, inaongeza mkojo wa usiku na mashine ikifanya kazi unapungua, usipopungua pima sukari na tezi dume, umri umefika.

Kusinzia kwenye usukani hapo sina utani. Siku umeamka hivyo acha gari, panda mwendokasi, Kimara linaanzia hapo hapo siti unapata, na Kariakoo unashushwa.

Mama watoto sasa. Wewe umesema alikuita rubani, hukusema kama ulicheka au ulinuna, na mi nahisi ulinuna. Huyo mwanamke amesikiliza mkoromo wako miaka yote na zile dakika unakata pumzi anasubiri kama utarudi. Pengine aliyemfukuza ni mvumo wa upepo unaovuja na wewe kurusha maski usiku wa manane, sio sura yako. Muombe aje na wewe kwa daktari, yeye ndo anajua usiku unafanyaje, wewe ulikuwa umelala. Na hiyo maski mpya aichague yeye rangi kama zipo.