Miili mitatu, mfuko mmoja

Mhariri, wiki hii mmetuuliza wasomaji: fedha zikiwa chache, unachaguaje chakula chenye lishe kwa watu wa nyumbani na kwa mnyama unayemfuga? Nimelisoma swali lenu mara mbili, nikamtazama paka wetu aliyekuwa amelala kando ya mguu wangu, nikaona nina la kusema. Jibu nililokuwa nalo zamani lilimgharimu yeye macho.

Kwetu tuko watu watano, mbwa mmoja wa kilo 10 anayeitwa Kamanda, na paka wa kilo 4 tunayemwita Shangazi kwa jinsi anavyopita chumba hadi chumba akikagua kama kazi zimefanyika. Kuna mwaka mapato yetu yalipungua ghafla, nikaanza kubana matumizi. Nikaona chakula cha paka ni ghali kuliko cha mbwa kwa uzito uleule, na punje zinafanana, hata harufu. Nikaacha kununua cha paka. Shangazi alikula cha mbwa bila kunung'unika, nami nikajiona mjanja.

Miezi ikapita. Jioni moja aliruka kutoka dirishani kwenda kwenye meza aliyoirukia maisha yake yote, akaikosa kwa upana wa kiganja. Tukacheka. Wiki iliyofuata akaikosa tena, na mwanangu wa kati ndiye aliyegundua kwamba mboni za macho yake zinabaki wazi hata akiangalia taa. Daktari wa mifugo aliniuliza swali moja tu: "Anakula nini?" Nilipomjibu, alishusha pumzi kabla hata hajaandika kitu.

Kilichokosekana ni taurini, kirutubisho ambacho macho na moyo huhitaji. Mwili wa mtu huitengeneza wenyewe, na wa mbwa pia kwa kawaida. Wa paka hutengeneza kidogo mno, kwa hiyo ni lazima aipate kwenye nyama, samaki au chakula kilichoongezewa, na chakula cha mbwa hakitengenezwi kwa kufikiria hilo. Taurini ikipungua kwa muda mrefu, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, hufa taratibu na misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Mambo haya yanajulikana tangu zamani: uhusiano wa taurini na macho ya paka ulionyeshwa mwaka 1975, na wa moyo mwaka 1987. Moyo ukiwahiwa unaweza kurudi katika hali yake, lakini sehemu ya retina iliyokwisha kufa hairudi. Shangazi alibaki na uoni wa mchana, tena wa kubahatisha, na gharama za matibabu zilimeza nilichookoa na ziada.

Tangu hapo nimeacha kuanza na swali la "kipi ni rahisi?" Naanza na hili: mwili huu hauwezi kujitengenezea nini? Pesa ya kwanza iende huko. Kinachobaki tutaona.

Ukiuliza hivyo, mambo mengi yanajipanga. Mbwa na paka hujitengenezea vitamini C kwenye ini, sisi hatuwezi. Kwa hiyo nyumbani kwangu pesa ya matunda ni ya watu, na Kamanda akipata kipande cha tunda ni kwa mapenzi tu. Mbwa akila karoti anaweza kuigeuza ile rangi yake ya chungwa kuwa vitamini A, sawa na sisi. Paka hawezi, anaihitaji ikiwa tayari, kutoka kwa mnyama. Mbwa naye, baada ya maelfu ya miaka ya kuishi na watu, amepata uwezo mkubwa wa kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu; watafiti walionyesha mwaka 2013 kwamba hata jeni zake zimebadilika kwa ajili hiyo. Ndiyo maana nafaka kwenye chakula cha mbwa hainitishi, hata wauzaji waandike vipi kwamba chao hakina nafaka. Paka ni mla nyama kwelikweli. Watu wanaotaka kumfanya ale mboga kwa imani yao nawaheshimu, lakini wangemwacha yeye nje ya imani hiyo, au wafuge sungura.

Sasa bei. Kitu kinachouzwa ghali kuliko vyote ni maji, maana hakuna anayeyaona. Nilikaa mezani na kopo la chakula cha paka na mfuko wa chakula kikavu. Kopo limeandikwa protini asilimia 10, mfuko asilimia 26, na kwa haraka utasema mfuko umeshinda. Lakini kopo lina maji asilimia 78. Ukiyatoa, kinachobaki ni 22, na 10 ndani ya 22 ni kama asilimia 45. Mfuko una maji asilimia 10 tu. 26 ndani ya 90 ni kama 29. Kwa hiyo kilichomo kwenye kopo, kikikaushwa, kina protini zaidi. Haya, geuza upande wa pili: kopo la gramu 400 lina gramu 40 tu za protini, na kilo moja ya kikavu ina gramu 260. Gawa bei kwa gramu hizo, uandike pembeni, ndipo utajua unalipia nini. Mimi humpa Shangazi kikavu kama msingi na kopo kidogo, kwa sababu paka si wanywaji hodari wa maji na ule unyevunyevu unamsaidia.

Hesabu hiyohiyo naitumia kwa watu. Maharage makavu au dengu zina protini ya gramu 20 hadi 25 kwa kila gramu 100, na zikipikwa huvimba zaidi ya maradufu kwa maji ya bomba, si maji niliyoyanunua. Yai moja lina kama gramu 6. Nyama haiachwi, ila si lazima iwe katikati ya sahani kila siku. Maharage na nafaka vikikaa pamoja, asidi amino, yaani vile vipande vinavyounda protini, inayopungua huku inapatikana kule. Kamulia ndimu juu yake au kula chungwa baada yake, mwili utachukua madini ya chuma vizuri zaidi. Chai nayo isubiri, maana ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Na maharage mekundu yasilambwe na moto mdogo kwa kubania gesi. Yaloweke, mwaga yale maji, kisha yachemke kwa nguvu, kwa sababu yakipikwa nusunusu yana sumu inayotapisha.

Lebo nayo isomwe kwa tahadhari. Orodha ya viambato hupangwa kwa uzito kabla ya kupikwa, kwa hiyo nyama mbichi yenye maji mengi hukaa mbele ya nafaka hata kama ikikauka inabaki kiduchu. Hata namba ya protini yenyewe kwa kawaida hupatikana kwa kupima nitrojeni, kwa sababu protini huwa nayo. Mwaka 2007 huko Amerika Kaskazini, viambato vilivyotiwa melamini, kemikali ya viwandani isiyo protini, ili nitrojeni ionekane nyingi viliua mbwa na paka. Mwaka uliofuata, udanganyifu uleule ukakutwa China kwenye maziwa ya watoto wachanga. Ninachotafuta mimi kwenye mfuko ni maneno mawili: "chakula kamili", yaani kinachomtosha mnyama bila kuongezewa kingine. Katika Umoja wa Ulaya lebo inatakiwa iseme kama ni chakula kamili au cha nyongeza, na kwingine maneno ya namna hiyo hukaa kwa maandishi madogo nyuma. Angalia pia ni cha mnyama gani na wa umri gani. Mfuko wa bei nafuu wenye maneno hayo nauchukua kuliko wa bei kubwa wenye picha ya mbwa mwitu mlimani. Ukibadilisha, changanya kidogokidogo kwa siku 7 hadi 10. Paka akikigomea usishindane naye kwa njaa, kwa sababu siku chache bila kula, hasa akiwa mnene, zinaweza kumjaza mafuta kwenye ini.

Najua wapo watakaosema: si umpikie tu? Nilijaribu kwa Kamanda, wali na kuku, na nilijisikia mwema sana. Ila nyama isiyo na mfupa ina kalisiamu kidogo mno, na huwezi kumpa mfupa uliopikwa kwa sababu hupasuka vipande vyenye ncha. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa cha kutengeneza nyumbani, na asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja. Kukamilisha pishi kunataka mtaalamu wa lishe ya wanyama na virutubisho vya kununua. Ukijumlisha na gesi ya kupikia, mfuko unakuwa rahisi.

Kitu kilichonipunguzia gharama kuliko vyote hakikuwa dukani. Ni mizani ya jikoni. Watoto walikuwa wakimpimia Kamanda kwa kikombe, na kila mmoja alijaza kwa kadiri ya huruma yake. Nilipopima vikombe vyao kwa wiki nzima, wastani ulikuwa gramu 240 kwa siku. Mbwa wa uzito wake aliyehasiwa anahitaji kama kilokalori 630, na kwa chakula chetu hizo ni gramu 180 hivi. Mfuko wa kilo 15 uliokuwa ukiisha kwa siku 62 sasa unafika 83. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2002 wa mbwa 48 aina ya Labrador: waliopewa chakula pungufu kwa robo kuliko wenzao waliishi karibu miaka miwili zaidi. Kamanda alilalamika siku nne, akazoea. Watoto walilalamika zaidi yake.

Makombo siyapigi marufuku, ila nina utaratibu. Sehemu ya Kamanda huchotwa kwenye sufuria kabla ya kitunguu na chumvi, na haizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, na za paka zaidi, viwe vibichi, vya kupikwa au vya unga. Zabibu zinaweza kumuua mbwa kwa figo, ziwe mbichi au kavu. Chokoleti wote tunaijua. Asiyejulikana sana ni zailitoli, kile kitamu cha kwenye chingamu na pipi zisizo na sukari. Hushusha sukari ya mbwa ghafla, kwa hiyo mikoba ya wageni inaning'inizwa juu.

Ini nalinunua kwa sababu ni nafuu na limejaa madini ya chuma na vitamini A, lakini ni mara moja kwa wiki, kidogo. Mjamzito hashauriwi kulila, kwa wingi wa vitamini A hiyohiyo, na paka anayelishwa ini kila siku anaweza kuishia na mifupa ya shingo iliyogandana. Siku ya ini Shangazi hupata kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Halioni vizuri. Nagonga sakafu mara mbili kwa kijiko, anakuja akifuata sauti, ananusa, kisha ananitazama kidogo pembeni ya pale nilipo.