Farasi alinifia, na bado nikarudi bandani

Jumapili iliyopita Pilipili alishinda. Ni farasi jike wa rangi ya kutu ninayemtunza, na aliwaacha wenzake watano nyuma katika mbio za mita 1,000 kwenye njia ya vumbi ya shamba moja, barabara ya Kasenga, nje kidogo ya Lubumbashi. Mpanda farasi alipigiwa makofi, mwenye farasi akapongezwa, nami niliposhika hatamu na jasho la Pilipili likanilowanisha shati, nililia mbele ya watu. Siku hiyo niliingoja miaka mitano.

Niliweka picha kwenye WhatsApp. Usiku ule kijana mmoja wa Ruashi akaniandikia: "Kaka, nimefukuzwa kazi, kila mtu anasema kosa ni langu. Wewe ulifanyaje hata ukarudi?" Mdogo wangu, nakujibu hapa, maana najua si wewe peke yako.

Mimi nilifukuzwa kwa sababu farasi alikufa. Ilikuwa mwezi wa kumi, lile joto letu la kabla ya mvua. Bandani pale walikuwa wameleta pumba za mahindi zenye ukungu, nami nilisema, tena mara mbili, kwamba chakula kile hakifai. Nikaambiwa nitumie kilichopo. Farasi si ng'ombe. Tumbo lake ni dogo kwa mwili ule mkubwa, na hawezi kutapika. Kikishaingia kibaya, kitatokea nyuma au kitamuua. Saa kumi na moja jioni nilimwona akigeuza kichwa kutazama ubavu wake, akichakura ardhi kwa mguu wa mbele. Tangu mchana hakuwa ameacha kinyesi. Nikaweka sikio tumboni: kimya. Tumbo la farasi mzima hunguruma wakati wote.

Nilijua. Lakini mtoto wangu alikuwa na homa nyumbani Katuba, na gari za mwisho zilikuwa zinaondoka. Nikamwambia mlinzi wa usiku, "Mwangalie huyu," nikaenda. Nilirudi saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta amelala chini, fizi zimekuwa zambarau. Nilimvuta asimame, akasimama, akaanguka. Alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwangu, kabla daktari wa mifugo hajafika.

Mwenye banda alinitukana mbele ya wafanyakazi wote na kunitoa getini bila mshahara wangu wa miezi miwili. Hadi leo sijalipwa. Simtaji jina, lakini jambo hili bado linaniuma, na sitajifanya nimesahau ili nionekane mtu mwema.

Miaka miwili ya kuuza makala (makaa) Katuba nairuka. Aliyewahi kusukuma kinga (baiskeli) yenye mifuko ya makala kutoka porini hadi mjini anaijua, na asiyewahi hatanielewa. Mke wangu ndiye aliyetulisha bukari miezi mingi kwa biashara yake ya samaki wakavu. Namshukuru hadharani.

Aliyenigeuza ni mzee mmoja wa Kamalondo, aliyetunza farasi tangu ujana wake. Alikuja kununua makala, nikamsimulia habari yangu kama nilivyomsimulia kila mtu: pumba, ukungu, dhuluma. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, pumba nimezisikia. Sasa niambie saa kumi na moja uliona nini." Sikuweza kumjibu. Nililia njiani nikirudi nyumbani, kwa sababu miaka miwili nilikuwa nimesema kosa la mwenye banda tu, na langu nilikuwa nimelificha hata mimi nisilione.

Mzee huyo ndiye aliyenipa habari za Sea Cottage, farasi wa Afrika Kusini. Juni 1966, wakati wa maandalizi ya mbio za Durban July, alipigwa risasi kwenye paja la nyuma. Alikimbia mbio zile zile wiki chache baadaye, akamaliza wa nne. Mwaka 1967 alirudi, akafika mstarini sawasawa na farasi mwingine, Jollify, wakatangazwa washindi wote wawili. Mzee aliisimulia habari hiyo kana kwamba alikuwepo. Mimi kilichonishika ni ile nafasi ya nne. Siku ile alikuwa ameshindwa, na walioendelea kumwandaa hawakujua mwaka unaofuata ungeleta nini.

Nilinunua daftari. Nikaandika ukurasa mmoja: niliona nini, saa ngapi, na nilipaswa kufanya nini. Nilipokwenda kuomba kazi kwa mama mmoja mwenye farasi wanne, nilimsomea ukurasa ule kabla hajaniuliza lolote. Alinyamaza kidogo, akasema nianze Jumatatu.

Pilipili alikuja baadaye, amekonda, akichechemea. Watu walisema bega. Nilipapasa nyuma ya kifundo cha mguu, pale mshipa unapopita, nikausikia ukidunda kwa nguvu kwenye mguu mmoja tu. Basi ni kwato: usaha umefungiwa ndani. Daktari alipotoboa, maji meusi yenye harufu mbaya yakatoka. Siku kumi na mbili nilimloweka mguu katika maji moto ya chumvi, asubuhi na jioni, nikalala palepale kwenye majani makavu. Hakuna aliyepiga picha siku zile.

Kwa hiyo, mdogo wangu, andika kosa lako. La kwako, usiandike la bosi wako. Hata kama alikudhulumu, na huenda kweli alikudhulumu, dhuluma yake haitakufundisha kazi. Amka mapema. Fanya kile kidogo ambacho hakuna anayekiona, kisha kesho ukifanye tena. Mimi kila jioni kabla ya giza nawaingiza farasi bandani, kwa sababu ya vijidudu vinavyoruka usiku na kuleta ile homa inayoua farasi. Mvua ikinyesha naingiza, nikiwa mgonjwa naingiza. Vijana wengi mnataka Jumapili ya makofi, na hizi jioni hamzitaki. Nawaambia kwa upendo, lakini nawaambia. Muombe Mungu, na ukimaliza kuomba, shika ufagio.

Ukitaka kuona, njoo Jumamosi saa kumi na mbili kasoro, uvae buti. Nitakuonyesha jinsi ya kuhesabu mapigo ya moyo kwa vidole viwili chini ya taya. Farasi aliyetulia huwa kati ya 28 na 44 kwa dakika. Jioni hii ya Pilipili yalikuwa 36. Tumbo linanguruma pande zote mbili, majani amemaliza. Nimeandika daftarini, ndipo nikaenda kupanda gari la Katuba.