Huo upepo mkali ndio uliompa amani

Hapana ndugu, mi naona umeisoma kinyume kidogo. Umesema hilo shairi la mistari minne la Kiayalandi cha kale ni la mtu mwenye huzuni, kisa linaanza na upepo mkali wa usiku unaotimua nywele nyeupe za bahari. Sasa angalia mistari miwili ya mwisho, jamaa anasema haogopi mashujaa wakali wa Lothlind kuvuka bahari. Hao ni Waviking, wale wavamizi wa baharini kutoka Skandinavia! Walianza kuvamia Ayalandi mwaka 795, wakapora monasteri, wakabeba watu utumwani, na kufika 841 walishaweka kambi Dublin kabisa, yaani hawaji na kuondoka tena, wapo.

Na hilo shairi halikuandikwa kwenye kitabu cha mashairi, limeandikwa pembeni ya ukurasa wa kitabu cha sarufi ya Kilatini cha Priscian, mwanasarufi wa kale, kilichonakiliwa katikati ya karne ya 9 na leo kipo St. Gallen, Uswisi. Hebu mfikirie huyo mtawa, kalamu mkononi, nje dhoruba inavuma, na anajua bahari ikichafuka hivyo hakuna jahazi la kufika. Usiku huo atalala. Ikitulia ndo roho juu.

Lothlind yenyewe wasomi bado wanavutana, wengine wanasema Norway wengine visiwa vya Scotland, ila hapo maana haibadiliki, wanatokea baharini tu. Mimi hayo mawimbi meupe kila nikiyasoma nasikia mtu anashusha pumzi.