Mdororo umekwisha, mbona kazi hakuna?

Unauliza kwa nini uchumi unatangazwa kupona huku watu bado hawaajiriwi. Ajira hufuata nyuma. Mauzo yakishuka, mwajiri hukata kwanza saa za ziada, kisha vibarua na wa mikataba, husitisha kuajiri wapya, na mwisho ndipo hupunguza wa kudumu. Mauzo yakirudi, hurudisha saa za ziada kabla ya kuongeza mtu mpya, maana hana hakika kama hali itadumu. Marekani, mdororo ulioanza Desemba 2007 uliisha Juni 2009, lakini ukosefu wa ajira ulifika kilele cha asilimia 10 Oktoba mwaka huo.

Halafu takwimu hiyo yenyewe ina tundu: aliyekata tamaa akaacha kutafuta kazi hahesabiwi kabisa, na anayefanya saa chache kuliko anavyotaka huhesabiwa ameajiriwa.

Wanaoumia muda mrefu zaidi ni vijana wanaomaliza masomo wakati wa mdororo. Huanza na mshahara mdogo au kazi isiyo ya fani yao, na pengo hilo huweza kuwafuata kwa miaka kadhaa.

Kwa familia, saa za ziada zikikatwa ndiyo dalili ya kuanza kujipanga, usingoje barua ya kuachishwa kazi. Usichukue mkopo mpya. Fedha za dharura zielekeze kwanza kwenye kodi ya nyumba na chakula; kulipa deni haraka huku huna akiba hukurudisha kukopa tena, mara nyingi kwa riba kubwa zaidi.