Wewe subiri tu, mimi nilishasubiri

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia mstari mmoja: "Kaka, nasikia MacBook Pro mpya ziko njiani, nisubiri au ninunue hizi zilizopo?" Anasema laptopu za Apple za kazi nzito. Hata salamu hakuna. Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi mwenyewe Julai 2022, neno kwa neno.

Mimi ni mhariri wa video. Laptopu niliyokuwa nayo wakati ule ilikuwa imenitumikia miaka sita. Jina lake silitaji, marehemu hasemwi vibaya. Juni mwaka ule Apple walitangaza chipu ya M2 pamoja na MacBook Air mpya. Hesabu yangu ikawa nyepesi: MacBook Pro za inchi 14 na 16 zilitangazwa 18 Oktoba 2021, zikiwa na chipu za M1 Pro na M1 Max, M2 imeshafika, basi M2 Pro, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, haivuki Oktoba hii. Hata wanaofuatilia mambo haya kwa mshahara walikuwa wanasema hivyohivyo. Pesa ninayo, nikasema nasubiri.

Nikawa mtu wa tetesi. Kabla sijapiga mswaki nishazisoma zote. Nikajua mambo ambayo hayamfai kitu mtu mwenye kazi zake: kwamba Apple huandikisha mashine mpya kwenye Tume ya Kiuchumi ya Eurasia, ya Urusi na majirani zake, kabla hazijatoka, na namba ngeni ya modeli ikionekana pale watu hawalali. Kwamba tarehe ya kuletewa oda ikianza kusogea, leo siku mbili, kesho wiki tatu, huenda stoo inakaushwa. Jumapili nilikuwa namsubiri Mark Gurman, mwandishi wa habari za Apple wa Bloomberg, aandike, kama wengine wanavyosubiri mpira. Ukiniuliza kazi nilizofanya mwezi ule sikumbuki hata moja, lakini tetesi zote ninazo kichwani.

18 Oktoba 2022 ikafika, mwaka mmoja kamili. Na kweli, Apple wakatoa taarifa. iPad! iPad Pro yenye M2, iPad ya kizazi cha kumi, na Apple TV. MacBook Pro hata harufu. Siwalaumu, hawakuniahidi kitu. Tarehe niliipanga mimi, nikaiamini mimi, na nikakasirika mimi ilipopita.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angenunua iliyokuwepo. Mimi nikasema labda Novemba.

Novemba kile kibao cha kugusa cha laptopu yangu kikawa kigumu, unabonyeza hakibonyei. Nikadhani vumbi. Siku moja nikaiweka mezani ikawa inayumba kama meza yenye mguu mfupi. Nikainama, nikaitazama ubavuni: mfuniko wa chini umetuna. Betri imevimba, imekisukuma kibao kutoka ndani hadi ukingo wake umeinuka, ukucha unapita. Fundi akaitoa ile betri akaniambia niitumie kwa chaja tu, ila nijue haina maisha.

Nilikuwa na kazi ya mteja, filamu fupi ya dakika arobaini, ya kukabidhi asubuhi. Usiku nikaanza kuitoa iwe faili moja lililokamilika, mashine inapiga kelele kama inataka kupaa, mstari wa asilimia unajikokota. Ilipofika themanini na kitu nikainuka kwenda kunywa maji. Mguu wangu mwenyewe ukanasa kwenye waya wa chaja. Betri haipo, kwa hiyo hakuna hata sekunde moja ya huruma. Skrini ikazima paa.

Mteja alipata kazi yake jioni badala ya asubuhi. Hakugomba. Alisema "sawa" tu, na kazi iliyofuata akampa mtu mwingine. Ile "sawa" bado naisikia.

MacBook Pro zenye M2 Pro na M2 Max zilitangazwa 17 Januari 2023. Nikaagiza siku ileile, mikono inatetemeka. Sasa nikuambie nilichokuwa nakisubiri: umbo lilelile, skrini ileile, viini vya CPU, yaani sehemu za chipu zinazofanya kazi, hadi kumi na viwili badala ya kumi, tundu la HDMI linalopeleka picha kali ya 8K kwenye skrini ya nje (sina skrini ya 8K), na Wi-Fi 6E. Ni mashine nzuri, sikatai. Lakini kazi iliyonipotezea mteja, ile ya M1 Pro iliyokuwa dukani tangu 2021 ingeimaliza huku mimi nimelala.

Na usidhani stori imeishia hapo. 30 Oktoba mwaka uleule wa 2023 Apple wakatangaza M3. Miezi tisa tu! Na juu ya hayo, rangi nyeusi. Nilinuna siku mbili. Kilichonipoza ni kusoma kwamba M3 Pro inasoma kumbukumbu kwa kasi ya gigabaiti 150 kwa sekunde, wakati M2 Pro yangu inakwenda 200. Nilifurahi furaha ya kishetani, na nikawatumia watu watatu ambao hawakuniuliza.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayesubiri, nisikilize. Mpangilio upo, siwezi kukudanganya. MacBook Pro za M4 zilitangazwa 30 Oktoba 2024. MacBook Air ya M3 ilikuja Machi 2024, na mapema 2025 niliwaambia watu Air ya M4 nayo ni Machi, ikatangazwa tarehe 5. Hakuna aliyenishukuru. Lakini mpangilio huohuo ndio ulioniangusha 2022, na Oktoba 2025 uliwaangusha wengine: M5 ikafika tarehe 15, ila kwenye inchi 14 yenye chipu ya kawaida peke yake. Waliokuwa wanasubiri Pro na Max wakabaki wameshika simu.

Huku kwa Windows nako msijione mmepona. Qualcomm, watengeneza chipu, walitangaza chipu ya laptopu za Windows, Snapdragon X Elite, Oktoba 2023, laptopu zake zikaanza kuuzwa 18 Juni 2024. Miezi minane watu wanaangalia grafu za kasi za mashine ambayo huwezi kuinunua. Kila Januari kule CES, maonyesho ya teknolojia ya Las Vegas, meza zinajaa laptopu mpya, na nyingi ni za kutazama kwanza, mauzo baadaye. Tangazo siyo stoo. Narudia, tangazo siyo stoo.

Acha kuangalia kalenda ya kampuni, angalia laptopu iliyo mbele yako. Inafanya kazi inayokulipa? Subiri, hata mwaka, hakuna anayekufukuza. Inakukwamisha? Nunua iliyopo. Kama tetesi zinasema mpya ni wiki mbili zijazo, nunua mahali panapokubali kurudisha. Duka la Apple lenyewe kwa kawaida hutoa siku 14. Na mpya ikitoka, ile ya zamani hushushwa bei kwa wauzaji wengi, kwa hiyo hata aliyesubiri huishia kununua ya jana. Vijana hampendi kusikia hili. Mnataka tarehe. Mnataka niwaambie "wiki ya pili ya Oktoba" ili mkilala mlale na tumaini. Mimi nililala nalo miezi saba, na nikaamka na betri iliyovimba.

Yule msomaji nilimjibu kwa swali: uliyonayo sasa ina hali gani?

Akaandika: "Ipo vizuri tu kaka, ila ukiichomoa chaja inazima."

Nikamwambia anunue leo, na mpaka iliyo mpya ifike, waya wa chaja aupitishe nyuma ya meza. Ameusoma ujumbe, alama zimebadilika rangi. Hajajibu.